Baba ni nahodha wa Lamu, anataka kushika usukani La Paz

Bi Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, sasa naishi Houston na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine 13. Mwaka huu baba yangu anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 71. Maisha yake yote yamekuwa baharini. Alianza na mashua ya mjomba wake akiwa kijana, kisha akawa nahodha wa jahazi la mizigo, akipeleka boriti za mikoko na chokaa Malindi na Mombasa. Aliacha kazi macho yakiwa bado mazima, ila sukari imempata na anatumia vidonge.

Nilitaka kumpa zawadi ambayo duka haliuzi. Nimesoma habari za mji wa La Paz, Meksiko, kwenye rasi ndefu ya Baja California. Watu huenda huko kula samaki na kusafiri kwa tanga hadi kisiwa cha Espíritu Santo. Nikamwambia baba kwa simu. Tangu siku hiyo Houston haitaji tena. Anachouliza ni upepo wa huko unatoka wapi, na maji yanapwa kiasi gani.

Sasa yamezuka mambo. Niliposema tutakodi chombo chenye nahodha wake, baba alinyamaza kimya. Halafu akasema, "Mimi sipakiwi kama gunia la mchele. Bahari ni bahari. Nipeni chombo, niongoze mwenyewe." Nimeuliza huko, nikaambiwa chombo bila nahodha hukodishwa kwa mtu mwenye cheti au maandishi ya safari zake. Baba hana karatasi hata moja. Ana miaka hamsini ya bahari na hana karatasi.

Mume wangu naye ni mtu wa Dodoma, hajui kuogelea. Anasema tule samaki mjini, tulale hotelini, bahari tuitazame kutoka ufukweni. Hajakataa moja kwa moja, lakini kila nikitaja kulala chomboni anatoka chumbani. Mimi niko katikati ya wanaume wawili ninaowapenda.

Halafu kuna chakula. Sote hatuli nguruwe wala hatugusi pombe, na baba hawezi kukaa siku nzima akiuliza kila sahani ina nini. Naogopa tutaishia kula mkate na ndizi katika mji unaosifiwa kwa chakula. Na je, twende lini? Watoto wanafunga shule mwishoni mwa Mei na kurudi Agosti. Na viza ya baba itakuwaje? Atakuwa na pasipoti ya Kenya na viza ya Marekani ya utalii.

Nisaidie, Bi. Sitaki safari hii iwe kidonda.

Binti Nahodha, Houston


Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nitaanza na baba, kwa sababu hapo ndipo barua yako ilipo. Mengine yote ni mipango.

Mzee wako hakosei anaposema ana bahari mwilini mwake. Kosa liko kwenye ile "bahari ni bahari", na yeye mwenyewe analijua, kwa sababu swali lake la kwanza lilikuwa upepo na maji. Mtu anayeamini bahari zote ni moja haulizi hivyo. Kwa hiyo usibishane naye juu ya uwezo wake. Mjibu maswali aliyouliza, kwa kina kama anavyostahili nahodha, kisha atafika mwenyewe panapotakiwa.

Mweleze hivi. Ghuba ya La Paz haina kusi na kaskazi za kugawana mwaka kama kwetu. Wakati wa baridi, tangu Novemba hadi Machi hivi, upepo mkali wa kaskazini huteremka Ghuba ya California yote kwa siku kadhaa mfululizo. Wenyeji wanauita norte, na mawimbi yake ni mafupi, yaliyosimama, yanayochosha chombo na watu. Masika yakiingia, huo unapungua na unazaliwa upepo mwingine unaoitwa coromuel. Jioni bara likiwa bado na joto, hewa baridi ya Bahari ya Pasifiki huvuka sehemu nyembamba ya rasi na kumwagikia La Paz kutoka kusini na kusini-magharibi, usiku kucha hadi asubuhi. Mjini ni neema, maana unafukuza joto. Baharini ni jambo la kufikiri, kwa sababu karibu ghuba ndogo zote za kutia nanga katika Espíritu Santo ziko upande wa magharibi wa kisiwa, na midomo yake imeuelekea upepo huo. Mtu asiyejua atatia nanga saa kumi jioni kwenye maji yaliyotulia kama kioo, na saa tano usiku atakuwa anayumba huku miamba ikiwa nyuma yake. Mwenyeji anajua ni ghuba ipi ina mkono wa mwamba upande wa kusini wa kukinga, na ipi ni nzuri kwa mchana tu.

Mwambie pia kuwa maji ya La Paz hupanda na kushuka kama mita moja hivi, tofauti na bamvua la Lamu linalokaribia mita tatu. Lakini mkondo ni mkali. Nje ya mji kuna ulimi mrefu wa mchanga unaoitwa El Mogote, na njia ya kuingilia bandarini ni mfereji mwembamba wenye maboya kati ya mafungu ya mchanga. Vyombo vilivyotia nanga hapo mbele ya mji huvutwa na mkondo upande huu na upepo upande ule, kila kimoja kikizunguka kwa namna yake, na hugongana. Mbele zaidi, kati ya bara na kisiwa, uko mlangobahari wa San Lorenzo wenye miamba ya chini kwa chini.

Ukishamwambia hayo, muulize: enzi zako, ukiingia bandari usiyoijua, ulifanya nini? Atakuambia alimchukua rubani. Wazee wa jahazi waliovuka kutoka Lamu hadi Arabuni hawakuona aibu kumpandisha mtu wa pale awaonyeshe mlango. Nahodha wa La Paz atakuwa rubani wenu kwa maana hiyo. Ila usimfiche ukweli: kisheria chombo kitakuwa chini ya yule mwenyeji, na neno lake ndilo la mwisho. Ukimpamba baba kwa maneno halafu akagundua siku ya pili kwamba amri si yake, utakuwa umemvunjia heshima mbele ya wajukuu.

Kuna jambo lingine ambalo baba yako atalipokea haraka kuliko sisi sote, nalo ni aina ya chombo. Jahazi lina tanga moja kubwa, na foromali, yaani mti unaoshika tanga, iko juu kabisa. Ukigeuza, unalipitisha tanga mbele ya mlingoti na chombo kinazunguka kwa nafasi, upepo ukiwa nyuma. Yoti ya siku hizi ina tanga kuu na tanga la mbele, hukatiza upepo kwa kupiga bisha, yaani kugeuza omo kupitia upepo, papo kwa papo, na tanga kuu limefungwa kwa chini kwenye boriti inayovuka sitaha kwa kasi, karibu usawa wa kichwa cha mtu mzima. Mikono iliyozoea jahazi miaka hamsini itatafuta foromali juu wakati hatari imekuja kwa ubavuni. Hiyo peke yake inatosha kumtaka mwenyeji awepo siku za mwanzo. Mwambie baba waziwazi, nahodha kwa nahodha. Hatakasirika. Atataka kuiona hiyo boriti.

Kabla ya kukodi, mwandikie mwenye chombo kuhusu baba. Usiombe "tafadhali mzee ashike usukani kidogo", maana utapata dakika tano za kupigiwa picha. Eleza kazi aliyofanya, vyombo alivyoendesha na mizigo aliyobeba, na uombe nahodha atakayefurahi kusafiri na mtu wa kazi yake, atakayemwachia usukani kwenye maji wazi na kumshirikisha kwenye ramani kila asubuhi. Ukijibiwa kwa baridi, tafuta mwingine. Mji ule una vyombo vingi vya kukodi, na watu wa bahari wanatambuana. Kihispania cha baba si lazima. Upepo ukigeuka, wote wawili watatazama juu kwenye tanga kwa wakati mmoja.

Sasa mume wako. Mwanangu, katika barua yako sikuona mahali ulipomuuliza anaogopa nini. Umeandika kwamba anatoka chumbani. Mtu asiyejua kuogelea, unayemwambia atalala juu ya maji pamoja na watoto wake, ana haki ya kutoka chumbani. Usimfanye kuwa kikwazo kati yako na baba yako. Yeye ndiye atakayekesha akihesabu watoto.

Ninavyoona mimi, msianze na kulala chomboni. Siku ya kwanza nendeni Balandra, ghuba iliyo mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini. Maji yake ni kina cha magoti na kiuno kwa umbali mrefu, meupe chini, na mtu wa Dodoma anaweza kutembea humo hadi katikati akiwa amesimama. Ni eneo la hifadhi. Watu huingizwa kwa zamu ya asubuhi na ya mchana, kwa idadi, kwa hiyo wahini mapema. Siku nyingine kodini chombo cha tanga kwa mchana mmoja tu. Jaketi la kuokolea maisha avae tangu gatini, na baba avae pia, ili isionekane kuwa ni vazi la waoga. Baada ya siku hiyo muulize mumeo kama yuko tayari kwa usiku mmoja au miwili. Akisema hapana, wewe, baba na yule mkubwa wa miaka 13 mnaweza kwenda, yeye na mdogo wakabaki mjini. Familia haiharibiki kwa usiku mmoja. Huharibika kwa mtu kulazimishwa.

Mkienda, safari yenyewe ni hii: asubuhi na mapema, coromuel ikiwa bado inapumua, inakusukuma kutoka nyuma kuelekea kaskazini, na kufikia mchana mko kisiwani. Espíritu Santo ni mwamba mwekundu na mweusi uliochanwa na ghuba nyembamba, kila moja na kipande chake cha mchanga mweupe na maji ya feruzi, na juu yake mipungate mikubwa inayosimama kama watu. Hakuna mji wala hoteli. Bahari inayokizunguka ni hifadhi ya taifa tangu 2007, na visiwa vya Ghuba ya California viliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Ada ya hifadhi hulipwa kwa kila mtu; uliza kama imo kwenye bei mliyopewa. Katika ghuba ya San Gabriel mwonyeshe baba mabaki ya kuta za mawe ndani ya maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na shamba la kufuga chaza wa lulu. La Paz ilijulikana kwa lulu tangu Wahispania wa Hernán Cortés walipofika mwaka 1535, na wazamiaji wake walizipata hadi chaza wakaisha, miaka ya mwisho ya 1930. Mzee anayejua habari za lulu za Ghuba ya Uajemi kutoka kwa mabaharia wa Kiarabu atakaa hapo muda mrefu. Mwacheni akae.

Upande wa kaskazini kabisa kuna miamba ya Los Islotes wanakoishi simba wa bahari. Watoto huogelea nao kwa miwani, wakiwa na kiongozi. Lakini Juni, Julai na Agosti kuogelea hapo kumefungwa kwa sababu ni wakati wa kuzaana, mnaangalia kutoka chomboni tu.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la lini. Agosti usithubutu. Ni joto kali, na ni msimu wa vimbunga, ambao ukali wake La Paz ni kati ya Agosti na mwanzo wa Oktoba. Mwishoni mwa Septemba 1976 kimbunga Liza kilileta mvua iliyovunja tuta la kuzuia maji juu ya mji na mamia ya watu wakafa. Septemba 2014 Odile iliipiga ncha ya rasi vibaya. Sisemi haya kukutisha. Nasema kwa sababu bei za Agosti na Septemba hushuka, na mtu huona bahati pale palipo na sababu. Wiki ya mwisho ya Mei, mara tu shule ikifungwa, ndiyo yenu: baridi ya norte imekwisha, vimbunga bado, usiku una coromuel, na kama mtawahi kabla ya Juni mosi watoto wataingia majini Los Islotes. Ikiwa shule itaruhusu mwisho wa Aprili, ni bora zaidi, kwani huenda mkawakuta papa potwe kwenye ghuba ya La Paz kabla hawajaondoka. Ni samaki yule yule mwenye madoa anayeonekana Mafia. Huko hutembelewa kwa kibali na kiongozi tu, kwa makundi madogo, kuanzia Oktoba hivi hadi majira ya kuchipua. Lakini usiharibu masomo ya watoto kwa ajili yake.

Lolote mtakalochagua, wekeni siku moja au mbili tupu kwenye ratiba. Ofisi ya bandari hufunga bandari kwa vyombo vidogo hali ya hewa ikichafuka, na hakuna pesa inayoifungua. Baba yako hatalalamika. Amekaa siku ngapi Lamu akingoja upepo?

Viza ni nyepesi kuliko unavyodhani. Meksiko haimdai viza yake mgeni mwenye viza halali ya Marekani, ya pasipoti yoyote. Mlangoni afisa humwandikia siku za kukaa, zisizozidi 180. Jambo la kuangalia ni kurudi: ni salama zaidi viza ya baba ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, kurudi kunaweza kuwa na matatizo. Mwombe mtu afungue pasipoti yake ukurasa wa viza akusomee kwa simu kabla hujanunua tiketi, na kama kuna shaka yoyote muulize wakili wa uhamiaji. Ninyi mnaoishi Marekani kwa kadi ya ukaazi, mnaingia nayo pamoja na pasipoti. Ndege nyingi kutoka miji ya Marekani hutua San José del Cabo. Kutoka hapo ni basi au gari, saa mbili na nusu hadi tatu mpaka La Paz.

Sasa tule. Mkate na ndizi uutoe kabisa kichwani, mwanangu, maana mnakwenda mahali ambapo meza ya kawaida ni samaki, kamba, pweza, kaa na kombe. Kwa watu wa pwani wa madhehebu yetu ya Shafi, vya bahari kwa jumla ni halali. Hatari yenu haiko kwenye samaki. Iko kwenye mafuta, kwenye unga, na kwenye kile kilichofungiwa juu yake.

Nianze na taco ya samaki, kwa sababu ndiyo watakayoitaka watoto. Huliwa asubuhi na mchana, kwenye vibanda vya barabarani. Kipande cha samaki mweupe huchovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa kwenye mafuta mengi, huwekwa kwenye tortilla, mkate mwembamba kama chapati, halafu wewe mwenyewe unaenda kwenye meza ya viungo: kabichi iliyokatwa nyembamba, vitunguu vya siki, matango, mchuzi wa pilipili wa rangi mbalimbali, ndimu. Sasa, rojo hilo wapishi wengi hulikorogea bia ili liwe jepesi. Uliza "¿lleva cerveza?" Wakisema ndiyo, agizeni samaki "a la plancha", yaani wa kwenye bamba la moto bila rojo. Baba atampenda huyo zaidi, na sukari yake pia. Tortilla nazo: kaskazini ya Meksiko wanapenda za ngano, na za ngano mara nyingi hukandwa na manteca, mafuta ya nguruwe. Za mahindi kwa kawaida hazina. Semeni "de maíz" kila mahali, mmemaliza. Maharage ya kupondwa ndiyo yenye manteca kuliko vyote. Yaacheni isipokuwa mpishi athibitishe kuwa katumia mafuta ya mimea.

Maneno matatu mengine ya kusoma kwenye orodha ya vyakula ni tocino, jamón na chorizo. Yote kwa kawaida ni nguruwe, na hujificha mahali usipotegemea. Kombe waliojazwa na kuokwa hutiwa jamón na jibini. Kamba wanaoitwa "Costa Azul" hufungwa kwa tocino. Kwa upande mwingine, mkiona "chicharrón de pescado" msikimbie. Ni samaki aliyekaangwa akakauka. Ili baba asiulize kila sahani, andika kadi ndogo kwa Kihispania: hatuli nguruwe, mafuta yake, wala kitu chenye pombe. Mpishi ataisoma, atakwambia nini kinafaa, na mzee atakaa amestarehe.

Sasa kile nitakachokuomba msikikose. Kuna samaki anaitwa sierra. Ni wa jamaa moja na nguru wetu. Akikatwa vipande, baba atamtambua kwa nyama na harufu. Huko hukatwa vidogo, akaivishwa kwa ndimu bila moto pamoja na kitunguu, nyanya na kotimiri, akaliwa juu ya tortilla kavu. Kuna machaca ya taa: samaki aliyekaushwa, akachambuliwa nyuzi nyuzi na kukaangwa na nyanya na pilipili. Mpeni baba hiyo asubuhi bila kumwambia ni nini. Aliyekulia kwenye ng'onda na papa mkavu hahitaji maelezo. Kuna nduwaro wa kukaushwa kwa moshi. Kuna almeja chocolata, kombe mkubwa mwenye gamba la kahawia, fahari ya jimbo lote, ambaye hufunguliwa mbele yako na kukamuliwa ndimu akiwa bado anasinyaa. Na kuna aguachile, kamba wabichi kwenye maji ya ndimu na pilipili mbichi kali, chakula kilichokuja kutoka Sinaloa ng'ambo ya ghuba.

Hapa nasimama kwa ajili ya sukari ya baba. Kombe wabichi na kamba wabichi hubeba vijidudu vya bahari ambavyo mtu mwenye afya huvishinda, ila mwenye kisukari au ini bovu vinaweza kumwingia hadi damuni. Ndimu haiui vyote. Kwa hiyo baba ale kombe waliochomwa au kuchemshwa, pweza, kamba wa kitunguu saumu, na samaki mzima wa mkaa. Hata ile sierra ya ndimu ni yenu, si yake. Kwake iagizwe ya moto. Uzuri ni kwamba chakula cha mkaa pale si daraja la pili. Vidonge vyake viwekwe kwenye mkoba wa mkononi, na chomboni mwambieni nahodha mapema kwamba kuna mzee anayepaswa kula kwa saa, upepo uwe wowote.

Jambo moja dogo la vyakula, lakini la sheria. Wazee wa Lamu wamekula kasa. Wazee wa La Paz pia walikula, sana. Meksiko ilipiga marufuku kuua kasa na kuchukua mayai yake mwaka 1990, na baba akinong'onezwa na mvuvi kwamba nyama ya kasa ipo, akatae.

Mwisho wa siku, jua likizama, nendeni Malecón, njia ya miguu ya kilomita kama 5 kando ya maji. Mji wote hutoka hapo kupunga upepo, watoto kwa baiskeli, wazee kwenye mabenchi. Mumeo atakuwa ameipata bahari yake ya kutazama kutoka ufukweni, na hakuna wa kumwambia aingie.

Nguo: baba aje na sweta. Coromuel usiku kwenye sitaha ni baridi kwa mtu wa Lamu, hata Mei. Na asiache kofia yake. Ataitafuta huko asiipate.

Arbuni usilipe leo. Kwanza kaa na mumeo, umuulize nilichokuambia, umsikilize hadi mwisho. Kisha mpigie baba umsomee habari za coromuel na ghuba zinazotazama magharibi, umuulize yeye angetia nanga wapi. Andika atakalosema, na umtumie nahodha wa La Paz pamoja na ombi lako.